Paneli Kumi za Sumaira

Kwetu Kahror Pakka, mji mdogo wa wakulima wa pamba, mtu akitaka kununua paneli za sola huambiwa apite maduka mawili: aanze kwa Rafaqat akacheke, kisha avuke barabara kwa Khuda Bakhsh akanunue. Rafaqat ana soda ya bure na maneno mengi. Khuda Bakhsh ana mita, ana kalamu ya wino mzito, na ana subira ya kuudhi. Ukimkuta asubuhi na mapema atakuambia ungoje kwanza jua lipande. Ukimwambia una haraka, atakuambia jua halina.

Kila paneli iliyoingia dukani mwake aliitoa nje, akaisimamisha ukutani, akaunganisha nyaya zake na mita, akasema Bismillahi, akasoma. Aliyoyasoma aliyaandika nyuma ya paneli pamoja na tarehe, kwa mwandiko mkubwa na mbaya ambao hata mwalimu wa darasa la pili angeukataa. Mwenyewe aliiita namba ya jua. Paneli ambayo haikufikia namba yake aliirudisha kwa tajiri wa Multan aliyemletea, na matusi juu yake. Watu walimcheka. Paneli imetoka kiwandani China imefungwa vizuri, ina karatasi na mhuri, na huyu bwana anaipima upya kama mkunga aliyepewa mtoto.

"Fundi, hata karatasi ya Wachina huiamini?" mteja mmoja alimuuliza.

"Karatasi naiamini sana. Ila karatasi haizungushi feni."

Msidhani ulikuwa ukaidi mtupu. Huyu mtu alikaa miaka sita katika jangwa la Abu Dhabi akisafisha paneli kwa brashi na ndoo, paneli zilizotandazwa mpaka macho yanachoka. Msimamizi wao, Mnepali mmoja mfupi, aliwapa sheria tatu: usizikanyage, usiziegemee, usizipakie zikiwa zimelala. Khuda Bakhsh alizitii bila kuzielewa, mpaka siku mwenzao mmoja alipokalia paneli akala mkate wake wa mchana. Alipoinuka, kioo kilikuwa safi, hakina hata alama. Miezi minne baadaye, pale pale alipokaa, vikatokea vistari vyembamba vya kijivu kama njia ya konokono, na ile paneli ikawa inatoa nusu ya umeme wake.

"Kioo kinasamehe," Mnepali akawaambia. "Kilicho chini yake hakisamehi."

Aliporudi nyumbani alikuta wazimu wa sola ndio umeanza. Umeme wa serikali unakatika mchana kutwa, joto linapika watu, na bei za umeme zinawamaliza waliobaki. Basi kila mtu akakimbilia jua. Kinyozi ana sola, msikiti una sola, wakulima wa pamba wamezima injini zao za dizeli na kufunga sola kwenye visima. Na penye wanunuzi wengi wezi hawakosi. Sokoni zilikuja paneli mpya za China, zikaja kuukuu zilizovuliwa mapaani Ujerumani, zikaja za daraja la pili zilizobandikwa karatasi ya daraja la kwanza. Khuda Bakhsh aliuza daraja la kwanza peke yake, na hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini. Hakuwa tajiri. Alikuwa na duka, mke aitwaye Zarina, binti mmoja aitwaye Sumaira, na jina hilo.

"We Bakhshu!" Rafaqat alikuwa akimpigia kelele kutoka ng'ambo. "Leo umeuza jua kiasi gani?"

"Mimi nauza jua," Khuda Bakhsh humjibu bila kuinua kichwa kwenye mita. "Kivuli kipo kwako."

Basi akaja mchumba wa Sumaira. Alikuwa kijana mpole, Mudassir, wa kijiji cha Chak 38, mtoto wa pekee wa mjane aitwaye Bi Sardaran. Bi Sardaran huyo ni mama wa mwili, mnene hasa, sauti yake inasikika mashamba matatu, na hajawahi kuwa na wazo akalinyima mdomo. Hana roho mbaya hata kidogo. Ila akisema neno, kijiji kizima kimelisikia kabla yeye mwenyewe hajalifikiria.

Kwetu binti haendi kwa mumewe mikono mitupu. Enzi za bibi zetu alikwenda na cherehani. Kisha ikaja friji. Siku hizi ukimwoza binti bila sola, majirani watauliza kama ni yatima. Khuda Bakhsh alichagua paneli kumi. Alizichagua kwa muda wa miezi miwili, moja moja kutoka kila mzigo, ile iliyotoa namba kubwa kuliko wenzake aliiweka pembeni na kuifunika shuka. Zarina akashona mablanketi mazito ya pamba. Na kwa mafundi wa rangi wa mjini kikaagizwa kitanda cha kamba, miguu yake imechongwa minene kama michi, imepakwa nakshi nyekundu na kijani. Khuda Bakhsh alikipima kitanda hicho mwenyewe kwa utepe, maana fundi wa rangi ni kama fundi nguo, usipomsimamia anakupunja.

Siku ya harusi, kabla ya waoaji kufika, alizipanga zile paneli uani zikiwa zimesimama wima, magunia ya pamba kati ya moja na nyingine, akazifunga kamba kama alivyofundishwa na Mnepali. Kazi ikabaki ya kuzipandisha kwenye tela la trekta. Kazi hiyo haikuwa yake. Baba wa binti hafuati vyombo. Akitoka kwenda kutazama vinavyopakiwa, watu watasema anahesabu alichotoa. Basi alimwekea Sumaira mkono kichwani, akampitisha chini ya Kurani mlangoni, kisha akaingia chumba cha ndani akajifunika uso kwa taulo. Alisikia trekta linawashwa. Alisikia wanawake wanaimba. Alilia mpaka sauti za nyimbo zilipoishia, Zarina akaja kumwambia ainuke, wageni wanataka kuaga.

Miezi minne ikapita, joto la Juni likafika, na maneno yakaanza.

Yalianza taratibu. Binamu yake Zarina alitoka Chak 38 na kusema sola ya Sumaira haina nguvu. Kiyoyozi kinawaka asubuhi, kikifika saa nane mchana, wakati jua ni kali kabisa, kinazima. Khuda Bakhsh akacheka, akasema watakuwa wameunganisha vibaya. Jioni ile akampigia simu binti yake.

"Hamjambo, mwanangu?"

"Hatujambo, baba. Kila kitu kizuri."

"Na sola?"

"Inafanya kazi, baba."

"Na kiyoyozi?"

"Leo kulikuwa na vumbi," akasema.

Khuda Bakhsh akatoka uani akatazama mbingu. Hakukuwa na vumbi.

Wiki iliyofuata Bi Sardaran alikuwa kwenye shughuli ya hina, akaulizwa habari za sola ya mkwewe, akafungua kinywa. "Wee, niacheni!" akasema. "Kinyozi hajinyoi. Muuza sola mzima, binti yake mmoja, kampa za daraja la pili!" Hakukusudia ubaya, alikuwa na joto na alikuwa hajalala. Lakini neno lile lilifika mjini kabla yake. Rafaqat aliliokota, akalipangusa, akaliweka mbele ya duka lake kama bidhaa mpya.

"Jamani karibuni!" akawa anawaambia wapita njia. "Hapa tunauza za daraja la pili kwa wageni tu. Kwa watoto wetu hatuzitoi!"

Watu walicheka, na walipokwisha kucheka wakafikiri. Mteja mmoja aliyenunua mwaka jana akaja kuomba karatasi zake. Mwingine akapita bila salamu. Malik Wasaya, mkulima mkubwa wa Chak 38 huko huko, alikuwa ameagiza paneli arobaini za kisima chake kwa Khuda Bakhsh; akatuma salamu kwamba tusubiri kwanza. Khuda Bakhsh alijua maana ya tusubiri kwanza. Mtu ambaye jina lake ndilo duka lake, jina likienda duka ni kuta tu.

Lakini kilichomuuma kuliko Malik ni kingine. Usiku hakulala akiwaza kwamba Sumaira yuko kule, anapita uani mbele ya wanawake wale, na kila feni inapozubaa wanamtazama yeye.

"Nenda," Zarina akamwambia.

"Baba wa binti haendi kukagua vyombo."

"Nani kasema ukague? Peleka maembe. Umewahi kuona mtu mwenye maembe akafukuzwa?"

Basi Ijumaa baada ya swala akafunga sanduku la maembe nyuma ya pikipiki. Maembe juu, majani makavu chini, na chini ya majani, mita.

Bi Sardaran alimpokea kwa shangwe iliyotikisa kuku. "Karibu bwana mkwe! Karibu! Sumaira, chai! Mudassir, mletee baba yako mto!" Akajitupa kwenye kitanda cha nakshi nyekundu na kijani, kitanda cha Sumaira, kilichowekwa uani chini ya kivuli, kikalia kama mlango wa zamani. Majirani wanne watano walikuwapo tayari, na walipoona pikipiki ya mjini wakaongezeka. Malik Wasaya naye akaja akasimama mlangoni, amejifunga kilemba chake, anajifanya amekuja kuuliza habari za mbolea.

Sumaira akatoka jikoni, akainamisha kichwa, baba yake akamgusa utosini. Amekonda kidogo, akaona. Lakini macho yake yalikuwa yanacheka alipomwona, na hilo likampunguzia.

Bi Sardaran hakuwa mtu wa kungoja. Akavuta sanduku, akaanza kugawa maembe kwa majirani, huyu mawili, huyu matatu, hata mkono wake ukafika kwenye majani. Akapapasa. Akainua mita juu, nyaya zake mbili zinaning'inia.

"Na hili je, bwana mkwe? Hili embe jeusi lenye mikia ni la shamba gani?"

Uani pakaanguka kicheko. Khuda Bakhsh alitamani ardhi ipasuke. Hata Malik Wasaya alijifunika mdomo kwa ncha ya kilemba.

"Nimekuja... Zarina alikuwa anataka..." akaanza.

"Umekuja kupima!" akasema Bi Sardaran. "Sasa unajificha nini, wewe mwizi? Panda ukapime. Pima mchana kweupe, mbele ya watu, tujue mbivu na mbichi. Mimi nimeshasema langu, na wewe useme lako."

Akapanda. Kwanza, kama tunavyofanya sote, akasimama kwenye ngazi akapaza sauti: "Napanda darini jamani! Akina mama wa nyumba za jirani, jistirini!" Akangoja mpaka milango miwili mitatu ilipofungwa, ndipo yeye na Mudassir wakatokeza juu.

Paneli zilikuwa zimewekwa juu ya miguu mirefu ya chuma, kama desturi, ili usiku watu waweze kulala chini yake. Khuda Bakhsh akasimama kivulini mwake, akainua uso. Hapo akaona mwandiko wake mwenyewe, mkubwa na mbaya, umepangwa juu ya kichwa chake, namba kumi na tarehe kumi. Akakohoa, akasema Bismillahi, akaanza kupima.

Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili sawa. Ya tatu ilikuwa chini. Akarudia, bado iko chini. Alipomaliza kumi, sita zilikuwa na namba ile ile aliyoiandika dukani, na nne zilikuwa zimeanguka. Na paneli zinapounganishwa kwa mlolongo, mnyonge ndiye anayeamua mwendo wa wote, kama ng'ombe mgonjwa kwenye jembe, hasa joto la mchana likipanda.

Akaomba ngazi ndogo, akapanda atazame uso wa zile nne. Tatu zilikuwa na vistari vya kijivu katikati, vile vile vya Abu Dhabi. Hizo alizielewa mara moja, zilisafiri zimelala zikarushwarushwa njiani. Lakini ya nne ilimshangaza. Ilikuwa na nyota. Karibu na kila pembe palikuwa na nyota moja ya vistari, nne kwa jumla, zimepangwa sawasawa.

"Ami, hii si ni mvua ya mawe?" Mudassir akauliza.

"Mvua ya mawe haipigi kwa utepe, mwanangu." Khuda Bakhsh akatandaza mikono yake kutoka nyota hadi nyota. Upana ule aliujua. "Mudassir. Siku ya harusi, kwenye tela, hizi zilikaaje?"

"Wallahi ami, sijui. Nilikuwa na mashada ya maua usoni mpaka kidevuni. Sikuona hata pua yangu."

Khuda Bakhsh akageuka, akatazama uani. Bi Sardaran alikuwa amekaa kitandani anamenya embe, na kando ya magoti yake miguu ya kitanda iling'aa, myekundu na kijani, minene kama michi. Naye aliipima ile miguu mwenyewe, kwa utepe wake. Akaona kila kitu kana kwamba alikuwapo: mtu kasema paneli zilizosimama zimekaa kama ua wa mbuzi, zikalazwa, juu yake mablanketi ya Zarina, kwa nia njema, vioo visiumie, juu ya mablanketi kitanda, na juu ya kitanda, akivilinda vyombo vya mkwewe kwa maili tisa za mashimo, mama wa mwili.

Alikaribia kucheka. Kisha akamwona Sumaira, amesimama mlangoni mwa jiko na sinia la chai, amemwinulia uso. Binti akatikisa kichwa. Alikitikisa kidogo sana, mara moja tu, lakini baba yake alimjua kwa miaka ishirini na mbili na hakuhitaji zaidi. Anajua, akawaza. Siku zote hizi anajua.

Aliteremka ngazi polepole. Ngazi ile ina vidaraja kumi na vinne, na sidhani kama ameteremka mbali zaidi maishani mwake. Akisema kweli, jina lake linarudi mjini leo hii, Malik anachukua arobaini zake, na Rafaqat anafunga mdomo. Na Sumaira anabaki hapa, mkwe wa mwanamke aliyechekwa na kijiji kizima kwa sababu ya baba yake. Kicheko cha namna hiyo hulipwa jikoni, kidogo kidogo, kwa miaka.

"Haya," akasema Bi Sardaran, "daraja la kwanza au la pili?"

"La kwanza," akasema Khuda Bakhsh. "Zote kumi. Nne zimeharibika njiani. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyezifunga, na sikuzifunga vizuri."

Malik Wasaya akakohoa.

"Fundi asiyejua kufunga za mwanawe," akasema, bila kejeli, kwa huzuni hasa, "atazifungaje zangu?" Akakusanya ncha za kilemba chake, akageuka kuondoka.

Khuda Bakhsh hakumzuia. Akachukua kikombe kwenye sinia la binti yake, na Sumaira hakuweza kumtazama, machozi yalikuwa yamemjaa.

Pengine mambo yangekwisha hivyo. Lakini Mudassir, ambaye hajui kuficha kitu kwa sababu hajawahi kuwa na cha kuficha, akatoka ngazini akifuta mikono. "Lakini mama, kuna moja ya ajabu kule juu," akasema. "Ina nyota nne. Hapa, na hapa, na hapa, na hapa." Akawaonyesha kwa mikono, urefu na upana.

Bi Sardaran akaitazama ile mikono. Embe likasimama njiani kuelekea mdomoni. Akatazama upande wa kulia wa kitanda, akatazama wa kushoto, akainama akachungulia kati ya magoti yake. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Sumaira," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwa sauti ndogo. "Njoo hapa. Siku ile gari lenu lilikuwa nyuma ya tela."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa na ushungi usoni."

"Nilichungulia, mama."

"Uliniona nimekaa wapi?"

Sumaira akaliweka sinia chini. Kisha akasema, "Nilikuona."

"Miezi minne!" Sauti ilikuwa inarudi. "Miezi minne baba yako anasemwa, na aliyewapa watu la kusema ni mimi, na wewe unapita hapa mbele yangu na sinia lako, kimya! Kwa nini? Umeniogopa?"

"Sikukuogopa."

"Sasa?"

"Ulikuwa unaimba, mama," Sumaira akasema. "Mudassir alinishika mkono garini, akaniambia, sikiliza, ni mama huyo, hajaimba tangu baba afariki. Nami nikachungulia. Ningekujaje baadaye kukuambia wimbo ule ndio uliovunja?"

Khuda Bakhsh alikuwa ameshika kikombe kitupu anakinywa. Akaona aibu kwamba alidhani yeye ndiye aliyekuwa akimstiri binti yake.

Bi Sardaran aliinuka. Kitanda kililia. Aliweka embe chini, akafuta vidole kwenye ushungi, akamshika Sumaira uso kwa mikono yote miwili yenye utomvu na kumbusu paji la uso. Kisha akageukia mlango, na sauti aliyoitoa hapo ilifika mpaka barabara kuu.

"Malik! Rudi hapa! Nani kakuruhusu kuondoka? Na nyinyi mliojificha juu ya ukuta, sikilizeni vizuri msije mkakosea mkisimulia. Aliziacha zimesimama, zimefungwa kamba, na magunia. Ni mimi niliyesema zilazwe! Nikatandika mablanketi, nikapandisha kitanda, nikapanda mimi na dada zangu wawili, na mnaniona nilivyo, na dada zangu mnawajua! Paneli za daraja la pili zingekuwa unga tupu. Hizi zimetubeba watu watatu maili tisa, na sita bado nzima! Mimi ndiye niliyezivunja, na mimi ndiye niliyesema uongo. Bwana mkwe, nisamehe. Na siku nyingine usinibebee mzigo wangu, mimi nina mgongo."

"Nimeuona, dada," akasema Khuda Bakhsh kabla hajajizuia. "Umechorwa kule darini."

Bi Sardaran akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa tena, na kijiji kizima kikacheka naye, Malik akiwa wa mwisho na wa muda mrefu kuliko wote. Kicheko hicho hakijalipwa jikoni hata siku moja. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Huyu alijivua mwenyewe, akatuachia sisi kazi ya kutafuta pa kuelekeza macho.

Khuda Bakhsh alirudi wiki ile ile na paneli nne mpya. Bi Sardaran alikataa kuzipokea mpaka Khuda Bakhsh alipokubali kuchukua mbuzi badala yake. Ile yenye nyota nne hakukubali itupwe. Ikatolewa kwenye mlolongo, ikaachiwa kazi nyepesi ya kuzungusha feni moja, feni iliyo juu ya kitanda chake. Khuda Bakhsh akaipima, na chini ya namba ya zamani akaandika nyuma yake namba mpya, ndogo, kwa mwandiko ule ule mbaya.

Rafaqat? Rafaqat alibadilisha wimbo siku mbili baadaye. "Jamani," akawa anasema, "zangu mimi zinabeba watu wanne!"

Na paneli arobaini za Malik Wasaya zilipotoka mjini, tulikuwa wengi barabarani kuzitazama. Matela mawili, paneli zote zimesimama wima, magunia katikati, kamba zimekazwa. Bi Sardaran alikuja mwenyewe kusimamia, na fimbo mkononi, akimtishia kila aliyeegemea. Zilipokuwa tayari akajipenyeza mbele, kando ya dereva wa trekta la kwanza. Khuda Bakhsh alikuwa mlangoni mwa duka lake na kalamu sikioni. Hakuna aliyemwomba, lakini trekta lilipoanza kwenda, yule mama alianza kuimba.